Landrova ya mzee iliyolala tangu 2011: usianze na ufunguo

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1979. Aliinunua kwenye mnada wa serikali akiwa bwana shamba. Iko nyumbani kwetu Lushoto chini ya banda la bati, na tangu 2011 haijawashwa. Mimi niko Dar, na Desemba nina likizo ya wiki tatu. Nina seti ya spana, najua kubadilisha oili na plagi, zaidi ya hapo sijui. Jirani ana trekta na betri mpya, anasema tukiivuta kidogo tu itawaka. Nataka mama apande ndani yake tushuke naye Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Nianzie wapi, na nitafute spea gani kabla sijapanda basi?"

Marahaba mwanangu. Mzee apumzike kwa amani, na hongera kwa kutoiuza kwa wanunua vyuma chakavu, maana najua wameshapita hapo mlangoni si mara moja.

Kwanza mwambie jirani trekta libaki shambani. Simvunjii heshima, nia yake ni njema, na wazo lake nimelisikia kila mwaka tangu nianze kushika spana. Injini iliyokaa zaidi ya miaka kumi kwenye ukungu wa Usambara haijafa, imekauka. Oili yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Kuta za silinda ziko tupu, ringi za pistoni zimeshikwa na kutu nyembamba kama unga, na pengine valvu moja au mbili zimenata zikiwa wazi. Ukilivuta gari likiwa kwenye gia, unailazimisha kranki, shafti kuu ya injini, izunguke kwa nguvu za trekta, na kitu kilichonata kina njia mbili tu: kuachia au kuvunjika.

Nilipokuwa kijana gereji moja Arusha tuliitwa kwenye shamba la kahawa kuivuta Landrova kama hiyo yako. Tukaweka gia ya tatu, trekta likakaza mnyororo, magurudumu ya nyuma yakaburuzika kama mita nne hivi, halafu pakatokea mlio kama mtu anavunja kuni. Tukashangilia, tukajua imeachia. Tulipofungua kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, tukakuta pushi rodi tatu (zile fimbo nyembamba za kusukumia valvu) zimepinda kama ndizi, na baadaye kwenye silinda ya pili tukaokota vipande vya ringi. Gari lile lingeweza kuwaka bila kuguswa kitu kikubwa. Sisi ndio tuliolivunja, kwa dakika moja, baada ya kulala salama miaka minane.

Pili, na hili ndilo nataka ulishike kuliko yote: injini si kazi yako ya kwanza. Kazi ya kwanza ni breki. Kila mtu anaanza na injini kwa sababu ina sauti, na ikiwaka majirani wanakuja kupiga makofi. Lakini gari lisilowaka halijawahi kumgonga mtu. Na wewe unatoka Lushoto. Barabara ya kushuka Mombo kwa njia ya Soni unaijua kuliko mimi: kilomita zipatazo thelathini za kona na mabonde, unashuka karibu mita elfu moja. Ukiwa na injini mbovu pale utasimama pembeni ukae juu ya jiwe usubiri msaada. Ukiwa na breki mbovu hutapata nafasi ya kuchagua pa kusimama.

Kabla ya spana yoyote, piga simu leo. Nadhani kuna kijana hapo nyumbani. Mwambie afungue plagi zote nne, amimine kwenye kila tundu vijiko vitatu vya mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kisha arudishe plagi kwa mkono bila kuzikaza. Arudie kila wiki mpaka ufike. Asetoni ikikosekana, oili hiyo na dizeli itafaa, ila itachukua muda zaidi. Awe mbali na moto na sigara anapofanya hivyo. Dawa hiyo inafanya kazi polepole ikipenya kwenye ringi, na kazi ya wiki sita huwezi kuifanya kwa siku mbili za likizo. Asiguse ufunguo wala hendeli.

Siku utakayofika, vaa buti na glavu, fungua milango yote na boneti, ugonge bodi kwa fimbo, halafu nenda kanywe chai. Nimekuta nyoka chini ya kiti cha dereva, kuku analalia mayai kwenye kiti cha abiria, na nyigu waliojenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi mpaka likaziba kabisa. Panya ndio wabaya zaidi: hupenda kulala kwenye ile hozi nene ya hewa kati ya filta na kabureta, na hula waya. Fungua hozi hiyo utazame ndani kwa tochi. Filta yenyewe ni bakuli la oili. Mwaga tope lililomo, oshea dizeli, jaza oili mpya ya injini mpaka alama.

Kisha lala uvunguni ukiwa na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haioti kutu kama bati, na ndiyo maana gari hudanganya: juu linang'aa, chini chesisi ni ya chuma cha kawaida na imeliwa. Gonga taratibu kila sehemu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi. Gonga zaidi boriti la nyuma kabisa, ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na sehemu springi zinapofungwa. Tazama pia bati la pale dereva anapoweka miguu. Tundu dogo kwenye mkono wa pembeni fundi wa kuchomelea atalimaliza kwa nusu siku. Lakini kama boriti zenyewe ndefu zimeoza pale springi zinaposhika, funga boneti, rudi Dar, na tuandikiane tena. Hiyo siyo kazi ya likizo.

Unapopiga jeki, jihadhari na jambo moja ambalo limewatia wengi matatani. Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi ndogo. Maana yake, ukiinua gurudumu moja la nyuma likaelea, difu inaliachia lizunguke, na gari linaweza kutembea ijapokuwa hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na gari likalie magogo ya mti mgumu. Tofali na mawe hupasuka bila kutoa taarifa.

Sasa breki. Gari la 109 lina dramu kila gurudumu, na ndani yake wili silinda sita, zile zinazosukuma shuu zibane dramu: mbili kila gurudumu la mbele, moja moja nyuma. Baada ya muda wote huo usijidanganye kuzisafisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, unyevu huo unakaa chini ya silinda na kuchimba vishimo vidogo, na mpira mpya juu ya kishimo hudumu wiki mbili kisha unaanza kuvuja. Nunua silinda zote sita mpya, masta silinda mpya (ile inayosukumwa na pedali), na zile hozi tatu za mpira, mbili za mbele na moja ya kati kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Hozi hizo hukudanganya zaidi ya kitu chochote: kwa nje zimepasuka kidogo tu, kwa ndani zimevimba zikaziba. Unakanyaga, breki inashika. Unaachia, yenyewe haiachii, dramu inachemka mpaka unasikia harufu. Paipu za chuma zifute kwa msasa uzitazame. Iliyoliwa na kutu mpaka ikawa na ngozi kama ya mjusi ibadilishwe.

Ukifungua dramu utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu za enzi zile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Sisi tulikuwa tunapuliza. Baadhi ya wenzangu wa rika langu wanakohoa mpaka leo, na sitasema ni kwa sababu ya hilo peke yake, lakini wewe usipulize.

Tazama pia kama shuu zimelowa oili. Sili za haba, kile kitovu cha gurudumu, zikikauka, oili ya difu hupita na kuja kwenye breki. Shuu iliyolowa oili haioshwi. Wapo watakaokwambia uichome moto kidogo ikauke. Itakauka kwa nje, na siku ya mteremko oili itatoka tena kwa joto. Nunua mpya pamoja na sili.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 huwakatisha watu tamaa, pedali inabaki laini kama mkate. Siri yake ni hii: kabla ya kuanza, kaza vile viboliti vya kurekebishia nyuma ya kila gurudumu, kila shuu na chake, mpaka dramu zote zimeshikwa kabisa. Pistoni zinakuwa hazina pa kwenda, na upepo unatoka upesi. Anza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, umalizie la karibu. Kisha legeza kila kiboliti mpaka gurudumu lizunguke huru likikwaruza kidogo tu. Mafuta yawe DOT 4, kopo jipya ambalo hujalifungua. Akija mtu na ushauri wa kujazia oili ya stelingi au ya injini "kwa muda tu", mfukuze uani. Mpira wa breki ukionja oili hiyo huvimba, na utanunua kila kitu upya.

Hapo gari linasimama. Sasa tunaweza kuzungumzia kwenda.

Toa plagi. Weka gia huru, na swichi iwe imezimwa. Chukua hendeli, nina imani mzee aliiweka nyuma ya kiti, wazee wote waliiweka huko. Ipitishe kwenye tundu la bampa mpaka imeze kwenye kranki. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kuikumbatia hendeli, na siku zote uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Bila plagi haitakurudi, lakini tabia hiyo ijenge sasa, kwa sababu siku ikirudi na plagi zimo, ni kifundo cha mkono kinachovunjika.

Ikizunguka, vizuri, zungusha polepole mara kumi. Ikikataa, usiirukie. Itikise mbele na nyuma kidogo kidogo, ongeza dawa, iache mpaka kesho. Nimewahi kukaa siku tisa na injini moja nikiitikisa kila asubuhi baada ya chai, siku ya kumi ikaachia kwa mkono mmoja. Ikishazunguka, fungua kifuniko cha tapeti, mwambie mwenzako azungushe hendeli, na wewe tazama roka zote nane, vile vimikono vinavyobonyeza valvu. Kila valvu ikishuka lazima irudi. Ikibaki chini, hiyo imenata. Mimina dawa kwenye shina lake, ipe siku nyingine, gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa nyundo. Hiki ndicho kilichotupita kule kwenye kahawa. Ukiwa umefungua, pima nafasi ya tapeti kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia): milimita 0.25, valvu zote, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa.

Mwaga oili ya zamani. Inuse. Ikinuka petroli, diaframu ya pampu ya mafuta imetoboka na imekuwa ikivujishia ndani; nunua pampu au seti yake ya kuikarabati kabla ya kwenda mbele. Ikitoka maji kwanza halafu oili, au ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, tutakuwa na shaka na gasketi ya silinda hedi, ila ukungu wa Lushoto nao huingiza unyevu, kwa hiyo maji kijiko kimoja yasikutie presha. Filta ya oili imo ndani ya kopo la chuma lenye ringi ya mpira juu. Toa ringi ya zamani kwa bisibisi nyembamba uhakikishe imetoka. Mafundi wengi huweka mpya juu ya ile kuukuu, injini ikiwaka oili yote inamwagika sakafuni. Jaza 20W-50 ya kawaida, karibu lita saba pamoja na filta. Nunua vidumu vitatu vya lita tano, kwa sababu oili hii ya kwanza ni ya kuoshea tu, utaimwaga baada ya kilomita mia mbili.

Petroli ya 2011 si petroli tena. Fungua tangi la chini ya kiti unuse: ikinuka kama rangi ya kucha iliyochacha, usimwage tu na kujaza mpya, kwa sababu chini kuna gundi na kutu, na vyote vitaelekea kwenye kabureta. Tangi lishushwe lioshwe, lakini hiyo inaweza kusubiri wiki ya pili. Kwa kuwasha, weka kidumu safi chenye lita tano za petroli mpya na mpira mpya mpaka kwenye pampu. Kidumu kikae chini, mbali na injini. Usifanye ule mtindo wa chupa ya maji iliyoning'inizwa kwenye boneti! Kwenye injini hii kabureta imekaa juu kabisa ya bomba la moshi la kwenye bloku; tone likianguka linaangukia chuma cha moto. Wala usinyonye petroli kwa mdomo. Pampu ina kijimkono cha kupandishia mafuta kwa vidole. Kitumie mpaka kikombe chake cha kioo kijae.

Kabureta, kama ni ile Zenith ya kiwandani, ifungue uisafishe jeti zote kwa dawa ya kunyunyiza na upepo, usizichokonoe kwa waya. Ina ugonjwa wake: ule uso ambapo sehemu ya juu na ya chini hukutana hupinda kwa miaka, na kile kiringi kidogo cha mpira ndani hukauka. Ukikuta hivyo gari litakunywa petroli na kutoa moshi mweusi hata ukirekebisha namna gani. Weka kioo juu ya meza, msasa laini juu ya kioo, usugue uso huo mpaka ulale sawa, na ubadilishe kiringi. Asubuhi moja tu ya kazi.

Wengine watakutisha kwamba injini ya 1979 ilizoea petroli yenye risasi na hii ya sasa itaua valvu. Risasi iliondolewa kwenye petroli katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Mzee aliendesha miaka mitano baada ya hapo. Kwa mwendo wa Landrova, kupima tapeti kila baada ya miezi michache kunatosha.

Moto wa plagi. Pointi za distribyuta zimeota ukungu mweupe, hiyo ni lazima. Pitisha msasa laini, futa kwa kitambaa chenye petroli, weka nafasi ya milimita 0.4. Plagi mpya ziwe na nafasi ya 0.75 hadi 0.8. Waya za plagi zifungwe kwa mpangilio wa 1-3-4-2; kabla ya kung'oa zile za zamani zipige picha kwa simu. Kondensa ya mzee usiitupe. Ukinunua mpya sawa, lakini nimeona mpya nyingi zikifa kabla ya zile za miaka arobaini, kwa hiyo ya zamani ikae kwenye droo ya gari.

Rejeta isafishe kwa maji ya bomba ukiyaingiza kwa chini yatokee juu, mpaka yatoke meupe. Mipira ya rejeta na mkanda wa feni nunua vipya bila kuvitazama. Jaza kulanti. Tabia yetu ya kujaza maji ya mtoni ndiyo iliyojaza tope jekundu kwenye bloku nyingi ninazofungua.

Sasa betri ya jirani inaweza kuja. Kabla ya kuifunga fuata waya kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, funga zile panya walizotafuna, na usugue pale waya wa ethi unapogusa chesisi mpaka chuma king'ae. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa sekunde kumi, pumzika, piga tena, mpaka taa ya oili izime. Usirudishe plagi kabla taa hiyo haijazima.

Washia nje, siyo ndani ya banda, maana moshi wa petroli huua bila harufu ya kutisha. Awepo mtu na ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto, na mwingine amesimama na spana ya betri mkononi. Ikiwaka itatoa moshi wa bluu kama jiko la mkaa bichi. Ile ni dawa yako inaungua, ndani ya dakika kumi itapungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikichemka, na rejeta inatoa mapovu, hiyo ni gasketi. Usikanyage mafuta kuwafurahisha watu. Iache isimame kwa mwendo wake dakika ishirini, wewe ukizunguka na tochi kutafuta panapovuja, na jicho lisiondoke kwenye geji ya joto.

Utakapotaka kuingiza gia, kuna uwezekano mkubwa ikakataa na kusaga. Sahani ya klachi imegandana na flaiwili. Kanyaga pedali, iegemeze kwa gongo dhidi ya kiti, iache usiku kucha. Ikigoma, zima injini ikiwa ya moto, elekeza gari kwenye uwanja mtupu, weka gia ya pili, kanyaga klachi, piga stata. Litaruka kidogo kidogo mpaka liachie. Sasa umeelewa kwa nini nilitaka breki kwanza.

Oili ya giaboksi, difu zote mbili na zile tufe za kwenye magurudumu ya mbele, zote ni EP90. Kuna pia mrija wa stelingi uliozama kwenye boriti la mbele ya rejeta ambao watu husahau kuutia oili. Ukikauka stelingi inakuwa ngumu kama jembe la kwanza la masika.

Matairi, usinibishie. Hata kama kashata zimejaa. Ubavuni soma tarakimu nne za mwisho za ile alama ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikisoma 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Nunua matano mapya ya 7.50-16 na tyubu zake. Hilo ndilo litakalokula pesa kuliko injini yote, ujiandae.

Spea nyingine zote nilizotaja utazipata mtaa wa Gerezani hapo Dar kabla ya kupanda basi, au uagize Arusha. Oktoba 2024 pale Arusha Land Rover zaidi ya elfu moja zilipita kwa msafara mmoja, na hazikuvutwa na trekta. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka wili silinda za 109, maana za 88, ile Land Rover fupi, hazifanani nazo na yeye atakwambia zote ni sawa.

Kuna jambo hukuliuliza. Gari bado ni la marehemu. Msipokuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, TRA, mamlaka ya mapato, hawatabadilisha jina, na bila jina kusomeka vizuri bima na ukaguzi wa polisi vitakusumbua. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017, kwa hiyo usiogope deni linaloongezeka. Lakini wiki tatu huenda zisitoshe kwa karatasi, hata kama zitatosha kwa injini. Mwambie ndugu aliye Lushoto aanze mahakamani wakati anamimina dawa kwenye silinda.

Kuhusu harusi nitakuwa mkweli: mnunulie mama tiketi ya basi. Ikiwa tayari, mtafurahi wote, tiketi mtampa shangazi. Usimpandishe kwenye safari ya kwanza.

Safari ya kwanza ni wewe na mwenzako mmoja, asubuhi, barabara kavu, baada ya siku tatu za kuzunguka mjini tambarare na kukaza upya kila nati ya gurudumu. Kutoka Lushoto shuka kwa gia ya pili, injini ifanye kazi ya kushikilia, breki uiguse tu kwenye kona. Ukifika Soni egesha, vigingi chini, halafu zunguka magurudumu yote manne ukisogeza kiganja karibu na kila dramu, bila kugusa. Zote zikiwa na joto linalolingana, endelea Mombo. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, shuu yake haiachii. Legeza kiboliti chake hapo hapo. Na moja ikiwa ya baridi kabisa haishiki, kwa hiyo geuza gari urudi juu ukaifungue.